Chombo Mbele ya Sheria: Maswali ya Wasomaji wa Tanga

Tangu Bandari ya Tanga ilipochimbwa na kupata gati lenye kina cha mita 13, meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na kuhudumiwa kwa matishari sasa hufunga kamba ukingoni, na mtu aliyesimama gatini anaweza kusoma kwa macho yake jina la meli, jina la bandari ya usajili lililoandikwa chini yake tezini, yaani upande wa nyuma, na kuiona bendera inayopepea juu. Nadhani hiyo ndiyo sababu barua nyingi nilizopokea safari hii zinazunguka jambo moja: meli ni nini mbele ya sheria, ni ya nani, na nani ana amri juu yake. Nimechagua saba, nikazifupisha bila kubadili maana, na nimeondoa majina ya watu na ya vyombo. Mwenye shauri lililokwisha kufika mahakamani asitegemee safu hii. Achukue karatasi zake aende kwa wakili aliye karibu naye.

Kutoka Ngamiani: *Shikamoo wakili. Mimi ni kuli bandarini. Juzi mabaharia wawili wa meli yenye bendera ya Panama walipigana wakiwa gatini, mmoja akapasuka kichwa, na mkubwa wao akatuambia kwamba humu ndani ni Panama, polisi wa Tanga hawana lao. Ni kweli?*

Marahaba. Si kweli, ingawa mkubwa huyo hakuizua kauli hiyo mwenyewe. Kwa muda mrefu wanasheria walipenda kuifananisha meli na kipande cha nchi kinachoelea, na hata Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, katika kesi ya meli ya Kifaransa iitwayo Lotus mwaka 1927, iliiweka meli katika daraja moja na ardhi ya nchi yenye bendera. Mfano huo haukufika mbali. Meli ina utaifa kama wewe ulivyo na uraia: ukienda Mombasa unabaki Mtanzania, lakini huendi na Tanzania mfukoni, na ukivunja sheria huko utasimama mbele ya hakimu wa huko.

Kesi inayolieleza jambo hili vizuri ni ya zamani. Mwaka 1886 meli ya Ubelgiji ilikuwa imefunga gatini Jersey City, Marekani, na baharia mmoja Mbelgiji akamchoma kisu Mbelgiji mwenzake chini ya sitaha, akafa. Balozi mdogo wa Ubelgiji alidai akabidhiwe mtu wake, kwa hoja kwamba mkosaji, marehemu na meli wote ni wa Ubelgiji na kwamba hakuna Mmarekani aliyeguswa. Mwaka 1887 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia, ikisema kwamba mauaji yanavuruga amani ya bandari hata yakifanyika chini ya sitaha.

Desturi iliyobaki katika bandari nyingi ni kwamba mambo ya ndani ya meli, kama nidhamu, uvivu kazini au manung'uniko juu ya chakula, huachiwa nahodha na nchi ya bendera. Huo ni uungwana wa mwenye bandari, wala haumwondolei haki yake. Damu ikimwagika, dawa za kulevya zikionekana, au nahodha mwenyewe akiomba msaada, polisi wetu wanaweza kupanda ngazi bila kuiuliza Panama. Kwa meli inayopita tu ndani ya maili 12 za bahari ya kitaifa bila kuingia bandarini, mkono wa serikali hupungua nguvu. Na ikishatoka bahari kuu, nchi ya bendera hubaki na amri peke yake, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa, kama uharamia na biashara ya watumwa.

Kutoka Chumbageni: *Mimi ni mwalimu. Nimeona picha ya meli iliyoandikwa "Zanzibar" tezini, lakini nilipofuatilia nikaambiwa mwenyewe hajawahi kufika Zanzibar, na hakuna hata baharia mmoja Mtanzania. Inakuwaje meli ikawa yetu namna hiyo?*

Mwalimu, umegusa kidonda chenyewe, na utaniwia radhi nikikaa hapa muda mrefu kidogo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982 na kuanza kutumika tarehe 16 Novemba 1994, unaiachia kila nchi ijiwekee masharti yake ya kuipa meli utaifa. Kifungu cha 91 kinaongeza kwamba lazima kuwe na uhusiano wa kweli baina ya nchi na meli, lakini hakielezi uhusiano huo uweje, wala hakitaji adhabu kwa nchi itakayogawa bendera bila uhusiano wowote. Bendera za kukodi zimepita katika ufa huo. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall zinashika sajili kubwa kuliko zote duniani, na wengi wa wenye meli hizo wanaishi mbali kabisa na nchi hizo.

Tanzania nayo ina bendera moja na sajili mbili. Ya Bara iko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Ya Zanzibar iko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa meli za nje. Mlango huo umeingiza fedha, na umeingiza aibu pia. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilizokuwa zikikwepa vikwazo zilikuwa zimeandikishwa kwa bendera yetu kupitia wakala aliyekuwa ng'ambo, na ikabidi zifutwe. Mwanzoni mwa 2018, baada ya meli mbili zenye bendera yetu kukamatwa, moja ikiwa na dawa za kulevya na nyingine vifaa vya milipuko, Rais John Magufuli alisitisha usajili mpya wa meli za nje. Kwa maoni yangu, makosa hayakuwa ya kufungua mlango, kwa maana sheria ya kimataifa inaruhusu. Makosa yalikuwa ya kumpa mtu mwingine ufunguo. Kifungu cha 94 cha mkataba ule wa 1982 kinaitaka nchi ya bendera ikague meli zake, ihakikishe nahodha na mabaharia wana sifa, na ichunguze ajali. Kazi hiyo haiwezekani kwa nchi ambayo hata orodha kamili ya meli zake haiko mezani kwake.

Na wala tusidhani mchezo huu wameuleta matajiri wa leo. Majahazi ya Wasuri, watu wa mji wa Suri huko Omani, waliokuwa wakishuka na kaskazi mpaka pwani yetu na kurudi na kusi, mengine yalipeperusha bendera ya Ufaransa, kwa kuwa manowari za Uingereza zilizokuwa zikisaka watumwa hazikuwa na ruhusa ya kupekua chombo cha Kifaransa. Shauri hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, ikatoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905. Wasuluhishi walianza na kanuni inayotajwa mpaka leo, kwamba kila mtawala ana haki ya kuamua nani apewe bendera yake na kwa masharti gani. Kisha wakaipunguza: kwa kuwa Ufaransa ilikuwa imejifunga na Mkataba wa Brussels wa 1890 dhidi ya biashara ya watumwa, baada ya tarehe 2 Januari 1892 haikuwa na ruhusa ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati, ila wale waliothibitisha kwamba walikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa tangu kabla ya mwaka 1863. Nikiisoma hukumu hiyo huwa namwona nahodha mmoja mwenye sanduku la mkangazi, ndani yake bendera mbili zimekunjwa, anachungulia upeo wa macho kabla ya kuamua leo apandishe ipi. Leo angejiponza, kwa maana kifungu cha 92 cha mkataba wa 1982 kinasema kwamba chombo kinachotumia bendera mbili kadiri inavyokifaa kinaweza kuhesabiwa kuwa hakina utaifa kabisa, na chombo kisicho na utaifa hakina wa kukitetea.

Kuhusu mabaharia wasio Watanzania, sheria haishughuliki na pasipoti zao. Katika kesi ya meli ya mafuta Saiga, iliyokamatwa na Guinea mwezi Oktoba 1997 ikiwa na bendera ya Saint Vincent na Grenadini, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg ilisema mwaka 1999 kwamba meli, kila kilichomo na kila aliyemo ni kitu kimoja, na nchi ya bendera ndiyo inayowasemea wote. Humo walikuwemo Waukraine na Wasenegali. Kuna jambo moja la kutugusa sisi. Cheti cha muda cha Saiga kilikuwa kimekwisha mwezi Septemba, na cha kudumu kilitoka mwezi Novemba, kwa hiyo siku ya kukamatwa haikuwa na cheti hai mkononi. Mahakama ililipita jambo hilo na kuipa ushindi Saint Vincent. Majaji wawili walipinga, mmoja wao akiwa Joseph Warioba, Waziri Mkuu wetu wa zamani.

Kutoka Sahare: *Wakili, mimi ni mama wa kijana aliye baharia katika meli ya mizigo ya nje. Ana miezi mitano hajalipwa, chakula kinapungua, wakala hapokei simu, na mwenye meli yuko nchi nyingine ambayo hata kuitamka siwezi. Sasa meli imetia nanga hapa nje. Tutamshitaki nani?*

Pole mama. Ishitakini meli.

Hapa ndipo sheria ya bahari inapoachana na sheria ya nchi kavu. Gari likikugonga, wewe hulishitaki gari bali unamtafuta mwenye gari. Lakini mwenye meli anaweza kuwa kampuni isiyo na kitu kingine duniani ila meli hiyo hiyo moja, yenye anwani ya sanduku la posta katika kisiwa cha mbali, na kama wasemavyo watu kuhusu mji wetu, waja leo waondoka leo. Ndiyo maana mahakama za bahari zikakubali kwamba chombo chenyewe kiwe mdaiwa, kitajwe kwa jina lake kwenye hati, kizuiwe kisiondoke, na mwenyewe asipojitokeza kuweka dhamana, kiuzwe na deni lilipwe kutokana na bei yake. Hapa kwetu mamlaka hayo yako Mahakama Kuu.

Nilipokuwa karani kijana nilifuatana na mpeleka hati wa mahakama kwenda kuizuia meli ya namna hiyo. Tulikwenda kwa mashua, mvua ya vuli ikinyesha, amri ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni niliouficha ndani ya shati. Kwa desturi tuliyoirithi kwa Waingereza, nakala hubandikwa mlingotini. Lakini mlingoti ulikuwa na chumvi na grisi, gundi ikakataa kushika, mwishowe tukaibandika kwenye kioo cha chumba cha usukani kwa ndani, maandishi yakitazama nje. Nahodha aliisoma mara mbili, kisha akauliza kwa unyonge, "Mimi nimekosa nini?" Mpeleka hati akamjibu, "Wewe hukutajwa, kapteni. Imetajwa meli." Sijawahi kusikia mtu akiieleza sheria hiyo kwa maneno machache zaidi.

Mshahara wa baharia una heshima ya pekee. Ni deni linalopanda chomboni, likakaa humo; meli ikiuzwa kwa mtu mwingine au ikibadilishwa jina, deni linasafiri nayo, na mnunuzi hawezi kusema hakujua. Meli ikiuzwa na mahakama, zikishatolewa gharama za kuizuia na kuitunza, mishahara husimama mbele ya benki iliyoikopesha kwa rehani, na benki husimama mbele ya muuza mafuta na muuza vyakula. Kwa mikataba na sheria nyingi deni hilo halikai milele, kwa hiyo msilale.

Kabla ya kwenda mahakamani, mwambie kijana atazame ubao wa matangazo ndani ya meli. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, kwa marekebisho yaliyoanza tarehe 18 Januari 2017, unaitaka meli iwe na bima ya mabaharia waliotelekezwa, na cheti chake kibandikwe mahali pa wazi. Baharia asiyelipwa kwa miezi miwili au zaidi, huku mwenye meli akiwa amekata naye uhusiano, anahesabiwa kuwa ametelekezwa. Bima hulipa mpaka miezi minne ya mshahara, pamoja na chakula, maji, matibabu na nauli ya kumrudisha nyumbani. Mwezi wa tano uliobaki ndio mtakaoudai meli. Apige picha cheti hicho, apige picha mkataba wake wa ajira kila ukurasa, na mtu akimletea karatasi ya kutia saini kwamba amelipwa chote ili apewe tiketi, asitie saini.

Kutoka Tongoni: *Je, ngalawa yangu ni meli kisheria? Na meli kubwa ikinigonga usiku huko nje ikaondoka, nina haki gani?*

Inategemea ni sheria gani inayouliza. Mkataba wa bahari wa 1982 haukuitafsiri meli hata mahali pamoja, na kila mkataba mwingine unajitengenezea tafsiri yake. Kanuni za kuzuia migongano za mwaka 1972 ndizo zenye mikono mirefu kuliko zote: zinagusa chochote kinachoweza kumbeba mtu au mzigo majini, na ngalawa yako imo ndani kabisa. Sheria za usajili ni finyu zaidi, na vyombo vidogo vina utaratibu wake wa ukaguzi na leseni. Mahakama zimewahi kuhangaika na mambo ya ajabu zaidi ya ngalawa. Uingereza iliamua mwaka 2005 kwamba pikipiki ya majini si meli, na Marekani ikaamua mwaka 2013 kwamba nyumba inayoelea, isiyo na usukani wala injini, si chombo cha safari.

Kwa kuwa wewe ni chombo, una haki ya kukwepwa, na una wajibu wa kuonekana. Ngalawa yenye tanga ikiwa haina taa za kudumu, angalau iwe na tochi au karabai ya kuwashwa mapema, na usiku wenye kusi na mawimbi nisingeingoja meli iwe karibu.

Ukigongwa nje ya maili 12, mashtaka ya jinai dhidi ya nahodha yatafunguliwa tu na nchi ya bendera yake au nchi ambayo yeye ni raia wake. Hapo awali haikuwa hivyo: katika kesi ile ya Lotus niliyoitaja juu, Uturuki ilimshitaki afisa Mfaransa baada ya meli ya Kituruki kuzama na watu wanane kufa, na mahakama ikairuhusu kwa kura ya rais wake, majaji wakiwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Nchi zenye meli nyingi hazikupenda, na kifungu cha 97 cha mkataba wa 1982 kikaigeuza kanuni hiyo. Lakini fidia ni jambo jingine. Kwa fidia meli inaweza kuzuiwa katika bandari yoyote inayokubali kufanya hivyo, na katika nchi nyingi hata meli ndugu ya mwenye huyo huyo yaweza kuzuiwa badala yake. Unachokihitaji ni jina lake, au rangi yake, saa na mahali, vyote viandikwe polisi siku hiyo hiyo.

Kutoka Soko la Mgandini: *Niliuza mboga na mayai kwa meli ya kijeshi ya nchi ya nje kupitia wakala. Imebaki siku mbili iondoke na sijalipwa. Naweza kuizuia?*

Hapana, ndugu yangu. Manowari haikamatwi. Mwaka 2012 wadai wa serikali ya Argentina, waliokuwa na hukumu za mahakama mikononi na deni la mamilioni ya dola, waliipata manowari yake ya mafunzo, ARA Libertad, bandarini Tema, na mahakama ya Ghana ikakubali kuizuia. Tarehe 15 Desemba mwaka huo mahakama ya Hamburg iliamuru iachiwe mara moja na bila masharti, kwa sababu manowari ni alama ya mamlaka ya nchi yake hata ikiwa imefungwa kamba gatini kwa mtu. Ikiwa wenye hati za mamilioni walishindwa, tray za mayai hazitafua dafu.

Kinga hiyo ni ya manowari na ya meli za serikali zinazofanya kazi zisizo za biashara. Meli ya serikali inayobeba shehena kwa nauli haina kinga hiyo. Nawe usiiwaze meli, muwaze wakala: yeye ndiye aliyekuagiza, ana ofisi hapa mjini, na hati ya kupokea mzigo ina mhuri wake.

Kutoka Pangani: *Nataka kununua boti ya chuma iliyotumika, ya mizigo, inauzwa nje ya nchi kwa bei nzuri mno. Nitajuaje kwamba ni ya muuzaji na haina madeni?*

Bei nzuri mno kwa chombo ni sababu ya kupanda juu yake na nyundo ndogo na tochi kabla ya kusoma karatasi. Nenda tezini, na gubetini kule mbele, utazame sehemu ya jina. Herufi za meli ya chuma mara nyingi huchomelewa kwenye bati, na jina likibadilishwa kwa haraka, lile la zamani hubaki chini ya rangi. Ukimulika tochi kwa ubavu utaliona limejitokeza kama kovu. Kubadilisha jina si kosa, ila muulize muuzaji majina yote ya nyuma na uone kama atayataja yote.

Kisha tafuta namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini. Meli ya mizigo ya kuanzia tani 300 na ya abiria ya kuanzia tani 100, zinazokwenda safari za kimataifa, lazima ziwe nayo, na namba hiyo haibadiliki tangu meli inapoundwa mpaka inapokatwa vyuma, hata ikibadilisha bendera mara kumi. Ina tarakimu saba, na ya mwisho ni ya kuzipima zile sita. Chukua 9074729: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2. Utapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, sawa na ya mwisho ya namba yenyewe. Ukipewa namba isiyokubali hesabu hiyo, mtu ameibuni, nawe rudi nyumbani.

Boti yako ikiwa ndogo kuliko kiwango hicho, kimbilio ni daftari la msajili wa nchi ya bendera. Omba nakala ya ukurasa wake, si picha ya cheti kutoka kwa muuzaji. Humo utaona rehani zilizoandikishwa, na utaona wenye chombo ni wangapi. Sheria ya Kiingereza, na nyingine zilizotokana nayo, hukigawa chombo katika hisa 64, na si ajabu kukuta anayekuuzia boti nzima ana hisa 32 tu, nyingine ni za kaka yake ambaye hajaulizwa. Ambalo daftari halitakuonyesha ni yale madeni yanayopanda chomboni, mishahara ikiwa ya kwanza. Kwa hayo, ongea na mabaharia wenyewe pasipo muuzaji, na sehemu ya bei uibakize mikononi mwa mtu mnayemwamini wote wawili kwa miezi kadhaa. Njia iliyo safi zaidi ni kununua katika mnada wa mahakama ya bahari, kwa kuwa mauzo hayo hukisafisha chombo, na wadai wa zamani hugeukia fedha zilizolipwa. Katika mnada huo, lakini, bei nzuri mno huwa hazipatikani.

Kutoka Chongoleani: *Bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia kwetu, na meli za mafuta zitapakia hapa. Zikimwaga, sisi wavuvi tutamdai nani: mwenye mafuta, mwenye meli, au serikali?*

Mwenye meli aliyeandikishwa kwenye daftari, hata kama mafuta si yake na hata kama hakukosea. Mkataba wa dhima ya uchafuzi wa mafuta wa mwaka 1992, ambao Tanzania imo, unaulekeza mzigo wote kwake na unamkataza mdai kumrukia nahodha, baharia, rubani au aliyekodi meli. Meli inayobeba zaidi ya tani 2,000 za mafuta lazima iwe na bima, na mdai anaweza kumwendea mwenye bima moja kwa moja. Dhima hiyo ina kikomo kulingana na ukubwa wa meli. Kwa zile kubwa kabisa ni milioni 89.77 za kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Isipotosha, upo Mfuko wa kimataifa, ambao Tanzania ni mwanachama wake pia, unaoifikisha fidia yote mpaka milioni 203 za kipimo hicho. Mafuta yakimwagika kutoka kwenye bomba au matangi kabla ya kuingia melini, mkataba huo hauhusiki, na hapo mtafuata sheria za mazingira za nchi.

Mfuko huo huwalipa wavuvi waliokosa kuvua, si wale tu ambao nyavu zao zimechafuka, ila hulipa kwa ushahidi, na muda wa kudai ni miaka 3 tangu hasara ilipotokea. Swali watakalowauliza ni moja: kabla ya mafuta kumwagika, mlikuwa mkipata kiasi gani? Mvuvi atakayejibu kwa kukisia atalipwa kwa kukisiwa. Kikundi chenu cha mwalo kinunue daftari gumu, na kila chombo kinapotia nanga kiandikwe tarehe, jina, idadi ya watu, aina ya samaki, kilo na bei ya mnada, na katibu atie saini chini. Msingoje meli ya kwanza ipakie. Anzeni na bamvua lijalo.